Mwizi Aliyesingiziwa

Mtaani walimwita Fundi Saa. Nyumbani mkewe alimwita Baba Pacha, kwa ajili ya mabinti wao wawili waliozaliwa kwa kupishana dakika kumi na moja, ambao sasa wote walikuwa wameolewa na kuhamia miji ya mbali. Duka lake lilikuwa kijichumba chenye dirisha la kioo, kilichobanwa kati ya duka la miwani na ngazi za kupandia ghorofani walikoishi. Ndani mlikuwa na meza moja, taa ya shingo ndefu, vikopo vya skrubu ndogo kama mbegu za ufuta, na ukuta uliojaa saa za watu, kila moja ikisema lake.

Miaka yote alikuwa akifanya kazi kwa sikio. Mteja akileta saa, anaiweka sikioni, anafumba macho, kisha anatoa hukumu: "Gurudumu la pili limechoka." Lakini miaka mitatu hivi iliyopita masikio yalianza kumtoroka. Lilianza la kulia, halafu la kushoto nalo likaona lisiachwe nyuma. Hakumwambia mtu. Aligundua kwamba akiiuma saa kidogo kwa meno ya mbele, mapigo yake hupanda kupitia taya mpaka kichwani, akayapata sawasawa. Basi akawa anaziuma saa za watu. Wateja wakaambiana kwamba yule mzee sasa amefika daraja la juu kabisa la ufundi. Waliomheshimu zaidi walizifuta saa zao kwanza kabla ya kumpa, na waliobaki walizifuta baadaye.

Mama Pacha, mkewe, alikuwa mkunga katika wodi ya wazazi. Mkunga bila saa ni kama dereva bila usukani: atahesabuje mapigo ya moyo, atajuaje uchungu unapishana kwa dakika ngapi? Alikuwa na saa yake nzuri ya kubandika kifuani, ikasimama, akampa mumewe. Mumewe akaitia kwenye droo, akasema, "Kesho." Kesho hiyo ikatimiza miaka mitatu. Akimkumbusha jikoni, mumewe akiwa amempa mgongo, hajibu. Akimkumbusha tena, anasema, "Ndiyo, chai inatosha." Mama Pacha akahitimisha kwamba mume amemchoka. Alinyamaza, maana kazini alikuwa na wanawake wa kutosha wa kupiga kelele.

Siku moja, kwa simu yake, akajinunulia saa ndogo ya kubandika. Aliagiza iletwe wodini, akalipa kwa kadi ya benki. Kadi zilikuwa mbili, yake na ya mumewe, lakini akaunti moja na namba ileile. Kila jioni aliivua ile saa na kuifungia kwenye kabati lake la kazini kabla ya kurudi nyumbani. Aliona haya kidogo, kama mke wa mwokaji anayenunua mkate kwa jirani.

Wiki hiyohiyo Fundi Saa naye aliona tangazo kwenye simu. Kifaa cha kusikilia, kidogo kama punje ya haragwe, nusu bei kwa atakayelipa kabla ya saa sita mchana. Chini yake waliandika: *Hata mkeo hatajua.* Maneno hayo ndiyo yaliyomaliza kazi. Aliifunga milango ya duka, akavaa ile lenzi yake ya jicho moja, akaandika namba zote za mbele ya kadi, tarehe ya mwisho, na zile tarakimu tatu za nyuma, kwa uangalifu uleule wa kupachika mshale wa sekunde. Alilipa saa sita kasoro dakika nne. Akajipongeza kwa kuwahi.

Kifaa hakikuja. Kilichokuja, siku tatu baadaye, ni simu. Hakuisikia mara sita. Mara ya saba ilikuwa imelala juu ya meza ya kazi, ikatetemeka mpaka skrubu zikaanza kucheza, ndipo akaipokea.

"Habari za asubuhi, mzee," ilisema sauti ya msichana. "Nakupigia kutoka benki, kitengo cha usalama wa kadi."

"Kadi? Nani anaoa?"

"Kadi yako ya benki, mzee. Naomba kujua, ni wewe uliyenunua matairi manne?"

"Mahari mara nne?" Fundi Saa aliinuka kitini. "Binti, mimi nina mke mmoja! Mahari nililipa mara moja, na mkwe wangu alishukuru!"

"Si mahari, mzee. Matairi. Ya gari."

"Ya hiari? Tangu lini mahari ikawa ya hiari?"

Kisha yule binti akasema taratibu, kama anayemwongoza mtu kushuka ngazi gizani, "Basi mzee, kama si wewe, mimi naifunga sasa hivi."

"Ndoa nilishafunga! Mwaka wa thelathini na nne huu! Matapeli wakubwa nyie!" Akakata simu, akarudi kwenye kazi yake akiwa na furaha ya mtu aliyeponyoka mtegoni.

Yule binti wa benki alikaa akiitazama simu yake. Kwenye kumbukumbu za kazi akaandika: *Mteja amekana matairi. Ana mke mmoja.* Kisha akaifunga kadi.

Jumamosi yake Mama Pacha alikwenda kununua rangi ya jikoni. Alichagua rangi ya chai yenye maziwa mengi, muuzaji akaichanganya palepale, akaitikisa kwenye mashine, akaigongea mfuniko. Mama Pacha akatoa kadi.

"Imekataa, mama."

"Jaribu tena."

Muuzaji akajaribu tena. Nyuma ya Mama Pacha walikuwepo watu saba, mmoja wao ameshika ngazi begani, na kila akigeuka kuchungulia, ngazi nayo inageuka, foleni nzima inainama.

"Imekataa tena, mama. Na hii rangi nimeshaichanganya. Haichanganuliki."

Mama Pacha akasogea pembeni, akapiga namba iliyoandikwa nyuma ya kadi. Alipomaliza kuongea aliacha ndoo palepale, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye dirisha la kioo la mumewe, akaligonga kwa ngumi.

"Baba Pacha! Tumeibiwa!"

Hilo alilisikia, kwa sababu lilisikika mpaka duka la miwani.

Jumatatu asubuhi wakaenda benki. Binti wa kitengo cha usalama alikuwa na meza yake pembeni ya ukumbi, bila kuta, karibu kabisa na foleni ya wanaosubiri dirishani. Alimtambua mzee kwa sauti, naye mzee hakumtambua kabisa. Aliwapa karatasi yenye malipo yote ya wiki mbili zilizopita, na kalamu mbili.

"Malipo yenu mtaweka alama ya vema," alieleza. "Msiyoyajua mtaweka mkasi, ile alama ya X. Kisha mtatia saini hapa chini kwamba mmesema kweli. Nawaomba sana, wazazi wangu, kweli tupu. Likipatikana moja la uongo, dai lote linaanguka."

Fundi Saa, aliyekuwa amesikia "wazazi wangu" tu, alitabasamu.

Wakaanza. Sabuni na unga, vema. Umeme, vema. Matairi manne, mkasi. Tiketi mbili za ndege, mkasi. Uanachama wa mwaka mzima wa ukumbi wa mazoezi ya mwili, mkasi.

"Mwizi anayejali afya yake," alisema Mama Pacha.

Mstari uliofuata ulikuwa wa saa ndogo ya kubandika. Kalamu ya Mama Pacha ikasimama hewani. Mumewe akauona mstari ule, akavimba.

"Saa!" alipiga kelele. "Mwizi ananunua saa kwa kadi ya fundi saa! Huu si wizi tena, hii ni dharau! Weka mkasi, Mama Pacha. Weka miwili!"

Mama Pacha akatazama feni ya darini, akaweka mkasi. Mmoja.

Chini yake: kifaa cha kusikilia. Sasa ikawa zamu ya Fundi Saa kuitazama feni.

"Na hiki je?" mkewe alimuuliza kwa sauti ya kumfikia. "Umenunua wewe?"

"Mimi? Nikifanyie nini?" Akachora mkasi mkubwa uliovuka mpaka mstari wa umeme.

"Kumbe mwizi wetu hasikii vizuri," alisema Mama Pacha, akitikisa kichwa kwa huruma. "Ndiyo maana. Sikio la kufa halisikii dawa."

Wakatia saini wote wawili. Walitoka pale kila mmoja akiwa amemsingizia mwizi, na njia nzima walimtukana kwa bidii kuliko alivyostahili.

Siku mbili baadaye wakaitwa tena. Yule binti alikuwa na karatasi mpya mbele yake, na uso wa mtu aliyetumwa kupeleka habari asizozitaka. Alivuta kiti karibu na Mama Pacha, akashusha sauti.

"Mama, samahani. Ile saa. Muuzaji ametuletea picha ya aliyepokea mzigo."

Akasukuma picha juu ya meza. Alikuwa Mama Pacha mwenyewe, mlangoni mwa wodi, amekumbatia kiboksi, anacheka mpaka jino la mwisho.

Mama Pacha aliweka kiganja juu ya picha haraka, akamtazama mumewe. Mumewe alikuwa amekaa palepale, mkono wake unagusana na wa mkewe, anasoma tangazo la ukutani la mikopo ya nyumba.

"Ni mimi, mwanangu," alinong'ona. "Nimeshikwa. Yangu iko kwenye droo yake mwaka wa tatu. Kazi yangu haiwezi kusubiri kesho za mtu. Lakini ningemwambiaje? Angesema nimemwaibisha mtaa mzima."

Alieleza yote, tangu mwanzo hadi mwisho, tena kufika katikati alikuwa hanong'oni tena. Fundi Saa akageuka, akatikisa kichwa kwa upole, akasema, "Benki hii ina matangazo mazuri," akarudi kusoma.

Mama Pacha akamtazama mumewe kama anavyomtazama mzazi ambaye dalili zake hazilingani na maneno yake. Lakini yule binti alikuwa ameshahamia upande wa pili, na kwa heshima ileile akainama sikioni kwa mzee.

"Mzee, na hili la pili. Kile kifaa. Ni wewe uliyenunua?"

"Eti?"

"Kile kifaa, mzee. Tovuti ile ni ya matapeli. Wameiba namba za watu wengine kumi na mmoja. Kama ni pale ulipoweka namba zako, tunahitaji kujua."

"Ongea kwa sauti, mwanangu, unameza maneno."

Akaongeza sauti. Mzee akaegemea mbele. Akaongeza tena. Watu wa foleni wakaanza kugeuka. Mlinzi wa mlangoni akaacha kumkagua mtu begi. Binti wa watu, mwenye adabu zake, aliyefundishwa kwamba siri ya mteja ni amana, akavuta pumzi, akafumba macho, akapaza sauti mpaka ikagonga kioo cha mwisho:

"KIFAA CHA KUSIKILIA, MZEE! NI WEWE ULIYENUNUA?"

Mashine ya kuhesabia fedha ikasimama. Fundi Saa akatazama huku na huku, nyuso zote zimemwelekea.

"Sasa mbona unanipigia kelele?" aliuliza. "Mimi si kiziwi."

Mtu mmoja kwenye foleni akacheka, akajifanya anakohoa. Lakini Mama Pacha hakucheka. Alikuwa anahesabu, si kwa saa, kwa vidole: ile chai inayotosha, ule mgongo usiogeuka, simu zisizopokewa, saa za watu zinazoumwa kama muwa. Miaka mitatu! Akamshika mumewe kidevu, akamgeuza wakatazamana, akasema polepole ili amsome midomo.

"Hunisikii, Baba Pacha?"

Mzee alitaka kusema anasikia. Midomo ilikwisha kujipanga. Kisha mabega yakamshuka.

"Fundi saa asiyesikia saa," alisema, "nani atampa saa yake?"

"Nami nilidhani umenichoka."

"Nikuchoke vipi, nami hata sijui unasema nini?"

Hapo hata mlinzi alilazimika kugeukia ukutani. Mama Pacha alicheka huku machozi yanamtoka, kisha akakumbuka kwamba yeye mwenyewe hakuwa msafi. Akafungua mkoba. Ile saa ilikuwamo, maana siku hiyo alitokea kazini moja kwa moja, imeviringishwa kwenye kitambaa. Akaiweka juu ya karatasi za benki.

"Na hii," alisema kwa nguvu, kwa vile siri haikuwa na maana tena mle ndani, "mwizi wake ni mimi."

Fundi Saa aliichukua kwa ncha za vidole. Akaigeuza. Akakunja uso. "Betri," alisema. "Mfuniko wa plastiki." Akaitia menoni, akafumba macho. Foleni yote ilisubiri hukumu. "Inakwenda," alikiri hatimaye, na ilionekana maneno hayo yamemgharimu. "Haipotezi hata sekunde. Wamekuuzia kitu kizima."

Binti wa benki alichana ile fomu ya kwanza vipande vinne, akatoa nyingine. Hii waliijaza bila kutazama feni. Matairi, tiketi na mazoezi zikabaki za mwizi. Saa ikapata vema. Na kuhusu kifaa, binti aliwaonyesha sehemu nyingine ya kujaza, ya mali iliyolipiwa ikakosa kufika, maana hilo nalo lilikuwa na njia yake ya kudaiwa. Fundi Saa akaandika kwa herufi kubwa: *NILILIPA MWENYEWE. NILIONA AIBU.* Binti akamwambia la aibu si lazima liandikwe. Mzee akasema aliache tu.

Mwizi alipatikana kwa sababu ya matairi. Muuza matairi alikuwa amepokea malipo, lakini duka lake halitumi matairi kwa mzigo, mteja lazima aje na gari afungiwe. Benki ikampigia, naye akakubali kunyamaza na kungoja. Ijumaa akaja kijana nadhifu mwenye miwani ya jua, akataja namba ya malipo, akaketi kwenye benchi la wateja kusoma simu yake. Mafundi wakalipandisha gari lake juu ya jeki, wakatoa gurudumu la kwanza, la pili, la tatu, la nne, bila haraka yoyote, kisha mmoja wao akaenda nyuma kupiga simu. Polisi walipoingia getini, kijana alirukia ndani ya gari, akawasha moto, akakanyaga mafuta. Gari likanguruma kwa hasira, halikwenda popote. Inasemekana alishusha kioo akamwomba fundi amfungie japo mawili.

Kwenye simu yake zilikutwa namba za kadi za watu wote kumi na wawili. Kufikia mwezi uliofuata fedha za Fundi Saa na mkewe zilikuwa zimerudishwa, wakapewa kadi mpya zenye namba mpya, na Mama Pacha akaenda kuikomboa ndoo yake ya rangi, ambayo kweli haikupata mnunuzi mwingine.

Kupimwa masikio nako mumewe alimpeleka yeye mwenyewe, kwenye kliniki ya hospitali aliyofanyia kazi. Walimkalisha kwenye chumba kidogo kisicho na mwangwi, wakampima, na wiki mbili baadaye wakampa vifaa viwili vya kweli, vikubwa kuliko haragwe, vya rangi ya kahawia, vinavyoonekana na kila mtu. Siku ya kwanza alirudi dukani, akaketi, akazima redio ya jirani kwa kumgongea ukuta, akasikiliza ukuta wake wa saa. Kisha akashuka kitini, akazisimamisha tano.

"Zilikuwa zinakwenda ovyo miaka yote hii," alimwambia mkewe, "na hakuna aliyeniambia."

"Mimi nilikwambia," alijibu Mama Pacha.

Halafu yule binti wa benki akapata wazo. Aliwaita wote kumi na wawili walioibiwa namba kupitia tovuti ile, waje kwenye ukumbi wa mikutano wa benki, awaeleze jinsi ya kujilinda. Wazo lilikuwa zuri, ila kuna jambo moja alilisahau. Watu kumi na wawili walionunua kifaa cha kusikilia ambacho hakikufika walikuwa, kwa maneno mengine, watu kumi na wawili wasiosikia. Tena kipaza sauti cha benki kilikuwa kimeharibika.

"Msimpe mtu tarakimu tatu za nyuma ya kadi!" alianza binti.

"Nani katatukiwa nguo nyuma?" aliuliza dereva mstaafu wa lori.

"Nguo nyuma ya nani?" akadakia bibi mmoja aliyekuwa mpiga chapa wa mahakama, akajikagua sketi.

Kufikia nusu saa kikao kilikuwa kimegawanyika makundi matatu, kila kundi likijadili jambo lake kwa sauti ya juu, na binti wa watu amekalia ncha ya meza, koo limemkauka. Fundi Saa alikuwa safu ya pili. Katika ukumbi ule wote, ukimtoa binti na mhudumu aliyeleta maji, yeye peke yake ndiye aliyesikia kila neno.

Akainuka, akavua koti, akaenda mbele. Akamwomba binti kalamu ya ubao. Alipiga ubao kofi mpaka wote wakageuka, kisha akaanza kuandika kwa herufi ndefu kama kiganja: namba zipi za kadi zisemwe, zipi zisisemwe, nani apigiwe simu kadi ikipotea. Palipohitaji maelezo, alimwendea mmoja mmoja, akainama, akapaza sauti sikioni kwake, sikio lililo zima kuliko jingine, maana alijua kuuliza ni lipi. Ikachukua saa mbili na nusu. Binti alijaribu kumshukuru, akaambiwa asubiri, bado kuna swali nyuma.

Swali lilitoka kwa yule dereva wa lori. Alikuwa ameangalia masikio ya Fundi Saa kwa muda mrefu, na sasa alionyesha kwa kidole.

"Hivyo," alisema, "umenunua kwenye mtandao gani?"

Fundi Saa akaandika jina la kliniki ubaoni, jengo, ghorofa na siku za kupokea wagonjwa. Chini yake akaongeza: *Si mtandaoni. Dirishani. Kwa miguu yako. Nenda na mkeo.*

"Mimi sina mke," alisema dereva.

"Basi nenda na mtu yeyote," alisema Fundi Saa kwa nguvu, akamwachia kalamu anakili.